Mwongozo kamili: Kupima ubora wa picha za CT kwa ImageJ, toka kupata faili mpaka kusoma namba

Swali linalonirudia kuliko yote ni hili: "Nimepima maji kwenye picha ya CT nimepata 127, wakati tulifundishwa maji ni 0, mashine yetu imekufa?" Mashine haijafa. Hiyo 0 ni ya namba za Hounsfield (HU), kipimo cha CT ambamo maji ni 0 na hewa ni -1000. Aliyepima kapima skrinshoti. Picha ikishageuzwa JPG kila pikseli inabaki na namba kati ya 0 na 255 basi, na kama dirisha la kutazamia (kile kipande cha namba kinachoonyeshwa toka nyeusi mpaka nyeupe) lilikuwa na kitovu kwenye 0 maji yanaangukia katikati kabisa, ambayo ndo hiyo 127 au 128 aliyoiona. Kapima rangi ya kioo cha kompyuta, hajapima CT.

Nimeona wanafunzi, maradiografa walio kazini na hata mainjinia wa vifaa tiba wanakwama hapohapo, na karibu wote wanakwama kabla hawajaanza kupima. Kupima kwenyewe ni dakika 20 tu, kinachowaangusha ni faili na maandalizi, kwa hiyo ukiona hatua za mwanzo hapa ni ndefu usiziruke, ndo zenyewe.

Natumia CT na fantomu ya maji (chombo cha maji cha kupimia mashine) kama mfano kwa sababu maji tunajua jibu lake kabla hatujapima. Ukishaelewa hii, eksirei na MRI utazifuata kwa mabadiliko machache ambayo nitayataja njiani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta ya kawaida. RAM ya GB 4 inatosha kabisa.
- Programu ya ImageJ au Fiji. Ni kitu kilekile, Fiji ni ImageJ iliyofungashwa na nyongeza nyingi. Zote ni bure, pakua, fungua folda, tumia.
- Fantomu ya maji. Karibu kila mashine ya CT inakuja na yake toka kiwandani, waulize wenzako iko wapi, mara nyingi utaikuta kabatini imekaa na vumbi. Kama imepotea kabisa, chombo cha plastiki cha duara chenye upana wa kama sentimita 20 kinaweza kukusaidia kujifunza, ila kwa ripoti rasmi tafuta fantomu yenyewe.
- Mafaili ya DICOM (faili la asili la picha za hospitali) ya hiyo fantomu, sio picha za simu.
- Daftari au karatasi ya Excel ya kuandikia namba.

Kuhusu maji ya chombo chako: jaza mapema, acha yatulie kwenye chumba kilekile cha mashine usiku kucha, halafu gonga gonga pembeni mpaka viputo vyote vipande juu. Kiputo kimoja cha hewa kikiingia kwenye duara unalopimia kinavuta wastani chini, maana hewa ni -1000 na maji ni 0, na wewe utabaki unalaumu mashine.

## Hatua ya 1: Piga fantomu vizuri

Mashine iwe imepashwa moto na kalibresheni ya hewa ya asubuhi imefanyika. Weka fantomu katikati kabisa kwa kutumia taa za leza, mbele nyuma, juu chini, kushoto kulia. Ikikaa pembeni namba zinabadilika na utapata tofauti ambayo haitokani na ugonjwa wowote wa mashine.

Tumia itifaki moja na uiandike: kV (nguvu ya mionzi) ngapi, mAs (wingi wa mionzi) ngapi, unene wa slaisi (kipande kimoja cha picha), kerneli gani (kichujio cha kuundia picha, cha kulainisha au kunoa), upana wa eneo la picha. Mara nyingi watu wanatumia 120 kV na itifaki ya kichwa au tumbo ya watu wazima. Zima ile sehemu ya mashine inayojipangia mAs yenyewe, maana ikiwaka leo itatoa mionzi kiasi hiki na kesho kiasi kile, utalinganisha nini na nini?

Piga mara mbili mfululizo bila kugusa chochote, hata kitanda. Picha ya pili tutaihitaji kwenye hatua ya 6.

Umefanikiwa ukiona: fantomu iko katikati ya picha, maji yana rangi moja, hakuna kiputo sehemu utakayopimia.

## Hatua ya 2: Toa faili la asili, sio nakala yake

Kwenye konsoli ya CT au kwenye PACS (hifadhi ya picha ya hospitali) chagua kutoa mafaili kwa DICOM. Ukipewa machaguo, chukua lile lisilobanwa, kwa sababu ImageJ ya kawaida haifungui DICOM iliyobanwa, itakupa ujumbe wa makosa na watu wengi hapo wanakata tamaa wanaenda kupiga skrinshoti. Usifanye hivyo. Rudi kwenye programu ya kutazamia inayoweza kutoa DICOM bila kubana, fungua humo kisha toa upya.

Kama umepewa sidii, ndani yake utakuta folda yenye mafaili ya majina ya ajabu yasiyo na kiambishi mwishoni, IM00001 na kuendelea, pamoja na faili linaloitwa DICOMDIR. Hayo ya IM ndo picha zenyewe. Nakili folda nzima kwenye kompyuta yako kwanza ndipo ufungue, sidii za hospitali zinachoka haraka.

Kwanini nakomaa na hili? DICOM ya CT kawaida inabeba biti 12 za taarifa, ngazi 4096. JPG inabeba 256 kwa kila rangi, na juu ya hapo inakata picha vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8 halafu inatupa taarifa ndogondogo ndani ya kila kipande. Hizo taarifa ndogondogo zinazotupwa ndo zilezile chenga (noise, ule mrukoruko wa namba toka pikseli hadi pikseli) tunazotaka kuzipima! Ukituma kwa WhatsApp ndo unaiua zaidi, inabanwa tena na inapunguzwa ukubwa.

Onyo: kama unatumia picha za wagonjwa badala ya fantomu, ondoa jina, namba ya hospitali na tarehe ya kuzaliwa kabla faili halijatoka kwenye jengo. Sheria zipo, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya na Uganda zao ni za 2019, lakini hata bila sheria yule ni mama wa mtu. Na ujue kubadilisha jina la faili hakutoshi, jina la mgonjwa liko ndani ya faili kwenye tagi (kisanduku cha taarifa chenye namba yake) 0010,0010, na kwenye ultrasaundi mara nyingi limechapwa juu ya picha yenyewe.

## Hatua ya 3: Fungua na umhoji huyo faili

Buruta faili uliachie juu ya upau wa ImageJ. Picha ikifunguka angalia mstari mdogo ulio juu yake, kabla hujaangalia hata picha yenyewe. Kwa CT ya kawaida utasoma kitu kama 512x512, 16-bit, 512K. Ukisoma RGB au 8-bit, simama hapo, sio faili la asili, rudi hatua ya 2.

Sasa bonyeza herufi I kwenye kibodi. Linafunguka dirisha refu la maandishi, hilo ndo cheti cha kuzaliwa cha picha. Sihitaji usome yote, tafuta haya:

- 0008,0008: inatakiwa ianze na ORIGINAL\PRIMARY. Ikianza na DERIVED, ile picha imeshapikwa na mtu au programu.
- 0028,2110: ikiwa 01 maana yake iliwahi kubanwa kwa njia inayopoteza taarifa, hata kama sasa hivi imefunguliwa. Iache. Isipokuwepo kabisa au ikiwa 00 endelea.
- 0018,0060 ni kV, 0018,0050 ni unene wa slaisi, 0018,1210 ni kerneli. Ziandike kwenye daftari.
- 0028,0030: ukubwa wa pikseli kwa milimita. ImageJ inausoma yenyewe, hakikisha tu upo.
- 0028,1052 na 0028,1053: hizi mbili ndo zinageuza namba ghafi kuwa namba za Hounsfield, yaani HU. Mara nyingi ya kwanza ni -1024 na ya pili ni 1.

Kwa wanaopima eksirei, nyie angalieni na tagi 0008,0068. Ikisema FOR PRESENTATION mashine imeshalainisha na kunoa picha kwa ajili ya macho ya daktari, namba zake haziendi sawasawa na kiasi cha mionzi. Mnachotaka ni FOR PROCESSING, na mara nyingi inabidi mwombe injinia awafungulie ruhusa ya kuitoa.

## Hatua ya 4: Jaribio la hewa

Hii ni sekunde 5 na imeniokoa mara nyingi kuliko hatua yoyote.

Peleka kishale cha mausi kwenye hewa nje ya fantomu lakini ndani ya duara la picha. Angalia chini ya upau wa ImageJ, inasoma namba. Inatakiwa iwe jirani na -1000. Hamia kwenye maji, isome jirani na 0, ikirukaruka kidogo juu na chini kadiri unavyosogeza.

Ukiona hewa inasoma 24 na maji 1024, unaangalia namba ghafi ambazo hazijageuzwa. Hesabu ni ndogo: zidisha namba ghafi na ile ya 0028,1053, ongeza ile ya 0028,1052. Yaani 24 × 1 + (-1024) = -1000. Wakati mwingine ImageJ inakuonyesha zote mbili, HU kwanza na ghafi kwenye mabano, hapo iko sawa.

Onyo: kwenye kona za picha, nje ya duara, unaweza kukuta -2000 au -3024. Hizo ni namba za kujazia tu ambazo mashine inaziweka mahali ambapo haikupima chochote. Usizichukue kama hewa, na usipime wastani wa picha nzima ukazijumuisha.

Umefanikiwa ukiona: hewa karibu na -1000, maji karibu na 0. Kama huoni hivyo usiendelee, hata kama una haraka, kila namba itakayofuata itakuwa uongo.

## Hatua ya 5: Tazama bila kuharibu

Fungua Image, Adjust, kisha Window/Level. Weka kitovu 0 na upana 100. Dirisha jembamba kiasi hicho linaonyesha madoa ambayo dirisha pana linayaficha. Angalia kama kuna mapete yanayozunguka kitovu, mistari, au katikati kuwa peusi kuliko pembeni. Pete mara nyingi ni kipokezi kimoja cha mionzi kinachosoma tofauti na wenzake, mwambie injinia akiwa bado ni mmoja.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kwenye hilo dirisha dogo kuna kitufe kimeandikwa Apply. USIKIBOFYE. Kusogeza dirisha kunabadilisha unachokiona tu, namba zinabaki zilezile, lakini Apply inaandika upya namba za pikseli zenyewe. Kuna kituo kimoja tulikaa siku nzima tunatafuta kwanini picha za mashine ileile asubuhi zina chenga 4 na mchana 11, kumbe kijana mmoja alikuwa anabofya Apply kila akifungua picha kwa sababu alidhani ndo kuhifadhi. Hakufundishwa, kosa halikuwa lake.

Kwa sababu hiyohiyo usiguse Enhance Contrast, Smooth wala Sharpen kabla ya kupima.

## Hatua ya 6: Maduara matano, na hapa ndipo penye kazi

Nenda Analyze, Set Measurements. Weka tiki kwenye Area, Mean gray value, Standard deviation na Min & max gray value. Toa nyingine zote zisikuchanganye.

Kisha Edit, Selection, Specify. Weka tiki kwenye Oval, Centered na Scaled units, kisha upana na urefu 22.6 kila kimoja. Duara la kipenyo hicho lina eneo la takriban milimita za mraba 400, na kwa pikseli za milimita 0.49 unapata pikseli kama 1,670 ndani yake. Kwanini nisichore kwa mkono? Kwa sababu duara la mkono leo litakuwa hivi kesho vile, na duara dogo lenye pikseli 30 linakupa chenga tofauti kila ukilisogeza hata kama picha ni ileile.

Liweke katikati ya fantomu, bonyeza T liingie kwenye ROI Manager (orodha ya maduara uliyochagua). Liburute mpaka upande wa saa 12, T. Saa 3, T. Saa 6, T. Saa 9, T. Yale ya pembeni yawe ndani ya ukuta wa fantomu kwa sentimita moja hivi, yasiguse plastiki. Kisha kwenye ROI Manager bofya More, Save, uyahifadhi. Mwezi ujao utayafungua hayohayo, hii ndo siri ya kupata namba zinazolinganishika.

Bofya Measure. Inakuja jedwali lenye mistari mitano. Tuseme imetoka hivi, ni mfano tu:

Kati: Mean 1.8, StdDev 4.6
Saa 12: Mean 2.3
Saa 3: Mean 2.9
Saa 6: Mean 1.1
Saa 9: Mean 3.4

Namba ya maji. Soma Mean (wastani) ya katikati. Kipimo cha chuo cha radiolojia cha Marekani, ACR, kinataka maji yawe kati ya -7 na +7, na inapendeza zaidi ikiwa ndani ya 5. Hapa 1.8, safi.

Usawa. Toa kila duara la pembeni na la katikati. Kubwa hapa ni 3.4 toa 1.8 ambayo ni 1.6. Ukomo ni 5. Safi pia. Ikitokea pembeni kote kuko juu na kati kuko chini, mionzi inapopita katikati ya maji inabaki ile yenye nguvu tu na mashine haijarekebisha vizuri, anza kwa kurudia kalibresheni.

Chenga. Hii ni StdDev (mtawanyiko wa namba kuzunguka wastani) ya duara la kati, hapa 4.6. Na hapa ndo watu wananiuliza "nzuri ni ngapi?" Jibu langu ni kwamba hakuna namba moja ya dunia nzima, kuna namba ya mashine yako siku ile ilipofungwa au kuhudumiwa ikiwa nzima, hiyo ndo unailinganisha nayo kila mwezi kwa itifaki ileile. Nasema itifaki ileile kwa sababu chenga zinafuata idadi ya fotoni (chembe za mionzi): ukitaka chenga zipungue nusu inabidi mionzi iwe mara 4. Slaisi ya milimita 5 ukiifanya 1.25 umekata fotoni mara 4, chenga zinakuwa mara mbili. Kerneli ya mfupa nayo inazipandisha sana. Sasa mtu analinganisha slaisi ya 5 ya mwezi uliopita na ya 1.25 ya leo halafu anaandika mashine imeshuka ubora. Haijashuka.

Sasa ile picha ya pili. StdDev ya picha moja ina chenga za kweli pamoja na madoa ya kudumu kama mapete na ule weusi wa katikati. Kuzitenganisha fungua picha zote mbili, nenda Process, Image Calculator, chagua Subtract, na uweke tiki kwenye 32-bit result. Tiki hiyo ni lazima. Bila hiyo kila jibu hasi linakatwa, nusu ya chenga inapotea na utashangilia bure. Pima duara la kati kwenye picha mpya. Mean iwe karibu kabisa na 0, iking'ang'ania mbali na 0 jua hukuweka tiki au fantomu ilisogea. Chukua StdDev ugawe kwa 1.41. Ikitoka karibu na ile ya picha moja, mashine haina madoa ya kudumu. Ikitoka ndogo waziwazi, rudi hatua ya 5 ukatafute pete.

## Hatua ya 7: Je, daktari ataona kitu? Pima CNR

Kuna watu wanagawa Mean kwa StdDev wanaita ubora. Kwa MRI inaeleweka, kwa CT ya maji ni balaa, kwa sababu maji ni 0 na sifuri ukigawa kwa chochote ni sifuri. Kwa CT tumia CNR, tofauti ya vitu viwili ukigawa kwa chenga.

Weka duara kwenye kitu, duara kwenye kinachokizunguka. Mfano ini lina 105, uvimbe ndani yake 65, chenga za ini 16. Tofauti 40, gawa kwa 16, unapata 2.5. Namba ikiwa kubwa kitu kinajitenga vizuri, ikikaribia 1 au chini yake kinazama kwenye chenga, japo kitu kikubwa macho yanakiona hata kwa CNR ndogo na kidogo kinapotea hata kwa CNR ya kuridhisha. Kwa hiyo andika na ukubwa wa kitu.

Naipenda hii hatua kuliko zote maana ndo inarudisha hesabu kwa mgonjwa. Picha isiyo na chenga hata moja lakini imempa mtoto mionzi mara 4 ya iliyohitajika sio picha nzuri. Nzuri ni ile inayojibu swali la daktari kwa mionzi midogo iwezekanavyo, na CNR inakusaidia kujua umefika wapi kwenye kupunguza.

Onyo kwa wa MRI: chenga zenu mkipima kwenye hewa nje ya mwili namba inatoka ndogo kuliko ukweli, kwa sababu picha ya MRI haina hasi. Kwa koili ya chaneli moja zidisha hiyo StdDev na 1.53. Koili za chaneli nyingi tumieni njia ya kutoa picha mbili kama hatua ya 6.

## Hatua ya 8: Ukali wa kingo

Hii pasipo vifaa maalumu ni ya kufuatilia mwenendo tu, siyo ya kuandikia cheti. Chora mstari mfupi unaokatisha toka hewani kuingia kwenye ukuta wa plastiki, saa 3, ulale sawa kabisa. Bofya mara mbili kwenye zana ya mstari uweke upana 5 ili chenga zijisawazishe. Bonyeza K, inakuja grafu inayopanda.

Kama hewa ni -1000 na plastiki 120, kimo chote ni 1120. Asilimia 10 ni -888, asilimia 90 ni 8. Soma umbali kati ya hizo mbili kwa milimita. Umbali mfupi ni kingo kali, mrefu ni kingo zilizolala.

Ipime sambamba na chenga kila wakati, hasa kama mashine yenu ina ule uundaji mpya wa picha unaopunguza chenga kwa akili mnemba. Hizo zinaweza kushusha StdDev vizuri sana huku vitu vidogo vinafifia na ini linakuwa kama limepakwa mafuta, na ukiangalia StdDev peke yake utasema picha imeboreka. Mimi siwezi kukubali programu yoyote ya namna hiyo mpaka nione kingo na CNR ya vitu vidogo kabla na baada.

## Hatua ya 9: Kulinganisha picha mbili, kwa wanaobana au kusafisha picha

Ukitaka kujua kubana kumeharibu kiasi gani utakutana na PSNR na SSIM, alama mbili za kupima picha moja inafanana kiasi gani na nyingine. Hazimo kwenye menyu za kawaida za ImageJ, wengi wanatumia Python, pydicom kufungua na scikit-image kupima.

Kosa ni moja tu ila ni kubwa: kile kipengele cha `data_range`, yaani upana wa namba za picha unaouambia programu. Makosa yaleyale, wastani wa mraba wake 100, ukiweka 255 unapata PSNR ya 28.1, ukiweka 4095 unapata 52.2. Picha ni zilezile, zimepanda 24 bila mtu kuzigusa. Amua kiwango kimoja kinachoendana na namba zako, kiandike kwenye ripoti, na usilinganishe na ripoti ya mtu ambaye hakukiandika. Tena pima ndani ya mwili tu, hewa nyeusi inayozunguka inafanana kwenye picha zote na inapandisha alama bure.

## Hatua ya 10: Namba zikitoka nje ya mstari

Usimpigie injinia kwanza. Rudi kwa mpangilio huu: fantomu ilikuwa katikati? kV na kerneli ni zilezile, soma kwenye tagi na sio kwa kukumbuka. Kuna kiputo? Rudia kalibresheni ya hewa, piga tena, pima kwa maduara yaleyale uliyohifadhi. Bado? Sasa piga simu, na mtumie mafaili yote mawili ya DICOM pamoja na jedwali la miezi iliyopita, sio picha ya kioo uliyopiga kwa simu.

Kwenye jedwali weka safu hizi: tarehe, aliyepima, kV, mAs, slaisi, kerneli, maji, tofauti kubwa ya pembeni, chenga, ukali, maelezo. Mstari mmoja kila mwezi. Maji yakitoka 1.8, yakaja 2.6, yakaja 3.9, yakaja 5.2, kila mwezi peke yake bado ni ndani ya 7 na mkaguzi atapitisha, lakini wewe unayeona mistari minne imefuatana unajua mashine inateleza, na unaita fundi wiki hii kabla haijafika pabaya.